Mpango wa dharura shuleni uanze na saa za usiku

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonikera kwa muda mrefu, nikiwa mzazi na pia mwalimu mstaafu niliyewahi kusimamia mabweni: namna shule zetu za bweni zinavyojiandaa kukabiliana na moto na dharura nyingine. Shule nyingi siku hizi zina vizima moto ukutani, zina ndoo za mchanga, na zina bango lenye namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hayo ni maendeleo na ninayapongeza. Hata hivyo, ukiuliza ni nani anayekaa na ufunguo wa bweni saa nane usiku, nani ataamka kwanza, watoto watakimbilia wapi na nani atawahesabu wakishafika huko, mara nyingi hupati jibu. Tumejiandaa kwa mchana, ilhali maafa yaliyotuumiza zaidi yaliwakuta watoto wamelala.

Wasomaji wa rika langu hawajaisahau Shauritanga, kule Rombo, ambako mwezi Juni 1994 moto uliteketeza bweni na kuua wasichana zaidi ya 40. Mwezi Agosti 2009 wasichana 12 walikufa katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, kwa moto uliohusishwa na mshumaa. Mwezi Septemba 2020 wanafunzi 10 wa shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, wilayani Kyerwa, waliteketea bwenini. Jirani zetu wa Kenya wamezika watoto wa Bombolulu mwaka 1998, wavulana 67 wa Kyanguli mwaka 2001, na wengine 21 wa Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, mwezi Septemba 2024. Yote hayo yalitokea usiku. Chanzo hubadilika: huku mshumaa, kule hitilafu ya umeme, na Kyanguli ilikuwa petroli iliyomwagwa kwa makusudi. Lakini mara nyingi mno walionusurika husimulia habari ile ile ya mlango. Kyanguli bweni lilikuwa na milango miwili, mmoja ukiwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo.

Ninaijua sababu ya kufuli, wala siibezi. Matroni wa shule ya wasichana iliyo kando ya barabara, isiyo na uzio wa maana na yenye mlinzi mmoja tu, hufunga bweni kwa nje kwa sababu anaogopa wahuni kuingia. Patroni wa wavulana hufunga kwa sababu anaogopa watoro, na mtoto akitoroka usiku na kupatwa na jambo huko nje, yeye ndiye atakayeitwa kujieleza. Basi kufuli linafungwa saa nne, ufunguo unakwenda nyumbani kwa mwalimu, na mwalimu analala. Moto ukianza, mtu anapaswa kwanza kumfikia mwalimu, mwalimu aamke, autafute ufunguo gizani, akimbie nao hadi bwenini, kisha aulenge kwenye tundu la kufuli huku mikono ikimtetemeka na watoto wakilia upande wa pili wa mlango. Mwenye kuwaza hatua hizo moja baada ya nyingine hawezi kuutetea utaratibu huo. Ulinzi wa kweli ni uzio, taa za nje na walinzi wa kutosha, na bweni lifungwe kwa komeo la ndani ambalo mtoto wa darasa la tatu analifikia na kulifungua kwa mkono mmoja. Shule isiyoweza kuziondoa nondo zote kwa hofu ya wezi inaweza kumwita fundi wa kuchomelea abadilishe madirisha kadhaa, nondo zake ziwe za bawaba na zifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani.

Muda tunaouzungumzia ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Magodoro ya sponji yanapoungua hutoa moshi mzito mweusi wenye sumu, na moshi huo hutangulia miali ya moto. Huanza kujaa darini, kisha hushuka kuelekea vitandani, na wanaolala vitanda vya juu ndio unaowafikia kwanza. Mtoto ambaye hajafundishwa husimama wima na kukimbia, akavuta moshi kwa nguvu na kuanguka kabla ya kufika mlangoni. Aliyefundishwa hushuka sakafuni, akatambaa akifuata ukuta kwa mkono hadi mlangoni. Somo hilo halihitaji kitabu, linahitaji kufanywa kwa mwili hadi mwili wenyewe ulizoee. Shule nyingi pia ziko vijijini, mbali na miji yenye vituo vya zimamoto, kwa hiyo dakika zile za mwanzo, ambazo ndizo zinazoamua nani atapona, ziko mikononi mwa matroni, kiranja na mlinzi. Kupiga 114 ni lazima, lakini haiwezekani watoto wakae kusubiri gari.

Wapo watakaosema tunahitaji kanuni mpya. Kanuni ni muhimu, ila tuwatazame majirani. Mwongozo wa viwango vya usalama shuleni uliotolewa na wizara ya elimu ya Kenya mwaka 2008 ulikuwa mzuri: nafasi ya mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, ujia wa mita 2, milango yenye upana wa futi 5 inayofunguka kuelekea nje, na madirisha yasiyo na nondo. Miaka 16 ilikuwa imepita tangu maneno hayo yaandikwe wakati Endarasha ilipoungua. Baada ya maafa hayo ukafanyika ukaguzi, na serikali ikaagiza mabweni ya mamia ya shule za msingi yafungwe. Ukaguzi uliofanyika baada ya mazishi ungeweza kufanyika kabla.

Endarasha inatufundisha na jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni hesabu ya watoto. Bweni lile lilikuwa la wavulana 156, na siku iliyofuata viongozi walitangaza kwamba watoto wapatao 70 hawajulikani walipo. Wengi wao walikuwa wazima, ama wamechukuliwa na wazazi ama wamekimbilia kwa majirani, lakini hapakuwa na aliyeweza kulisema hilo kwa uhakika. Fikirini hali ya mzazi aliyesimama getini saa hizo. Dawa yake ni daftari moja la majina ya wanaolala katika kila bweni, linalosahihishwa kila jioni, na ambalo nakala yake hukaa nje ya bweni, kwa mlinzi wa getini kwa mfano. Pia iwepo sehemu moja inayojulikana ya kukusanyikia, na katazo kwamba hakuna mtoto anayeondoka hapo, hata kwa kuchukuliwa na mzazi wake, kabla jina lake halijawekewa alama. Bila daftari hilo waokoaji hawajui kama waingie tena kwenye moto kumtafuta mtu au la.

Nimewahi kuona zoezi likifanywa vizuri katika shule moja isiyo na fedha nyingi. Kengele yao ni rimu la gari lililoning'inizwa mtini. Walikubaliana kwamba mapigo ya mfululizo bila kupumzika ni ya hatari tu, na hayatumiki kwa jambo jingine lolote, tofauti na mapigo ya kwenda darasani au kula. King'ora cha umeme hunyamaza umeme ukikatika, na rimu halinyamazi. Usiku wa zoezi taa zilizimwa, rimu likapigwa, na watoto wakatoka na shuka zao mabegani hadi uwanja wa mpira, kila kidato katika mstari wake. Kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza alikuwa na mwenzake wa kidato cha juu aliyepewa jukumu la kumshika mkono, na msichana asiyeona vizuri alikuwa na wawili, ili mmoja akiwa mgonjwa asibaki peke yake. Kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye. Mkuu wa shule aliwauliza watoto wenyewe walikwama wapi, na mmoja akasema kwamba masanduku yaliyopangwa karibu na mlango wa nyuma yaliwaziba njia. Yaliondolewa usiku ule ule, kabla ya mtu yeyote kurudi kulala. Hakuna mkaguzi wa mchana ambaye angeliona hilo, kwa sababu mchana watoto hupita mlango wa mbele.

Shule za kutwa nazo zisijione ziko salama. Mwezi Februari 2020 wanafunzi 14 wa shule ya msingi Kakamega, nchini Kenya, walikufa kwa kukanyagana wakiteremka ngazi jioni wakati wa kutoka darasani, bila moto wala tetemeko. Jengo lolote la ghorofa lenye mamia ya watoto linahitaji utaratibu wa nani anateremka kwanza, na watoto waufanyie mazoezi.

Nikiwasikia wenye shule wakisema hawana bajeti, naikumbuka fomu ya kujiunga ambayo kila mzazi hupewa. Humo mna godoro, ndoo mbili, fagio, jembe, rimu ya karatasi, rangi ya soksi na urefu wa sketi, na tunavinunua vyote. Sijawahi kukuta humo ukurasa unaomweleza mzazi mwanawe atalala bweni gani, bweni hilo lina milango mingapi, ufunguo unakaa kwa nani, na mazoezi ya dharura hufanyika lini. Ukurasa huo hauna gharama ila ya kuuchapa. Naomba wizara yenye dhamana ya elimu iuweke katika fomu za shule zote za bweni, za serikali na za binafsi, na wadhibiti ubora wa shule wakitembelea shule walale angalau usiku mmoja na kushuhudia zoezi wenyewe.

Wazazi wenzangu nao wasisubiri waraka. Tunapowapeleka watoto muhula utakapofunguliwa, tuingie bwenini, tuuvute mlango wa nyuma kwa mikono yetu tuone kama unafunguka, na usipofunguka tumwombe mkuu wa shule aufungue tukiwa hapo hapo, kabla hatujashusha godoro garini.

Mwalimu mstaafu,
Moshi, Kilimanjaro