Barua kutoka Ghent: sahani tano na bia zake

Ghent, Ubelgiji
Jumapili jioni

Rafiki na shemeji yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta wewe, dada yangu na watoto mkiwa wazima wa afya. Sisi huku hatujambo, ila baridi bado haijaondoka.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza Wabelgiji wanakunywaje bia, nami nikakujibu kwa mstari mmoja, jambo ambalo limekuwa likinisumbua tangu siku ile. Ijumaa iliyopita mgahawa ule mdogo wa kando ya Mto Leie, ambao nimekusimulia habari zake mara nyingi, uliandaa mlo wa sahani tano, kila sahani na bia yake, na sasa ninaweza kukujibu inavyostahili.

Tulianza na kroketi za kamba wadogo wa Bahari ya Kaskazini, wadogo karibu kama uduvi, pamoja na bia nyeupe ya ngano inayotiwa mbegu za giligilani na ganda la chungwa. Bia ya namna hii ilikuwa imekwisha kupotea katika kijiji cha Hoegaarden, hadi Pierre Celis alipoanza kuipika upya miaka ya 1960. Ni nyepesi, na ilisafisha mafuta ya kroketi ulimini kama ndimu inavyofanya kwenye samaki wa kukaanga.

Sahani ya pili ndiyo iliyonifanya nikukumbuke. Waliletwa kome waliopikwa kwa vitunguu na figili, na pembeni yao bia iitwayo gueuze, inayotoka katika bonde la Mto Senne na vijiji vilivyo karibu na Brussels. Maji ya shayiri na ngano yakishachemshwa humwagwa katika beseni pana la shaba lenye kina kifupi, yakalala humo usiku kucha yakipoa, na hamira ya mwituni iliyomo hewani huyaingia yenyewe bila mtu kuitia. Kwa sababu hiyo bia hii hupikwa miezi ya baridi tu, maana wakati wa joto vijidudu viharibifu huwa vingi mno. Kisha hukaa katika mapipa ya mwaloni, na mwisho fundi huchanganya ya mwaka mmoja, ya miaka miwili na ya miaka mitatu; ile changa ndiyo yenye sukari iliyobaki, inayoendelea kuchachuka ndani ya chupa na kuleta povu.

Shemeji, nilipoisogeza glasi puani, kabla hata sijaonja, nilinusa kihamba chenu, lile shamba la migomba, siku mama anapofunua pipa la mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ule ukali unaokaza mashavu, ile harufu ya tunda lililokomaa kupita kiasi, vyote vilikuwamo. Tofauti niliyoiona ni uchungu: sisi tunautafuta kwa gome la mti wa msesewe, na wao kwa bia hii hutumia hopsi, yale maua machungu ya kutilia bia, lakini za zamani, zilizowekwa miaka kadhaa hadi uchungu wake ukapungua, kwa kuwa wanachotaka ni zile nguvu zake za kuzuia bia isiharibike. Niliimaliza taratibu sana, na sikutaka kuzungumza na mtu.

Nyama ya ng'ombe ilifuata, ile wanayoiita stoofvlees, iliyopikwa kwa saa nyingi ndani ya bia nyeusi, huku kipande cha mkate kilichopakwa haradali kikiwekwa juu ya sufuria mpaka kiyeyuke na kuufanya mchuzi uwe mzito. Ililetwa na chipsi na glasi ya Dubbel, bia nyeusi ya watawa wa Westmalle, yenye kilevi asilimia 7. Hapo mgahawa ulikosea, maana bia ilitoka kwenye jokofu ikiwa baridi kupita kiasi na haikuwa na harufu yoyote. Niliikumbatia glasi kwa viganja viwili kwa muda mrefu, na ilipopata joto kidogo ikaanza kutoa harufu ya zabibu kavu na sukari guru, ikakutana na ule mchuzi kama ndugu wawili waliolelewa nyumba moja. Tangu hapo nimeamini kwamba bia nyingi tunazozilaumu hatujazionja. Tumeonja barafu tu.

Jibini ilipita bila kuniacha na kumbukumbu kubwa. Tulimalizia kwa keki ya chokoleti na bia nyingine ya watawa, Rochefort 10, yenye kilevi asilimia 11.3, ambayo mhudumu aliimimina kwa kuilaza chupa, akaacha mashapo chini.

Mwaka 2016 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Nilifurahi kwa ajili yao, lakini Ijumaa ile niliumia kidogo, kwa sababu mbege yetu tunaipa nafasi kwenye harusi na matanga, kisha mgeni akija mezani tunamfungulia chupa ya dukani. Kwa nini mtori usiandamane na mbege changa, ambayo bado ina utamu, na mbuzi wa kuchoma na ile iliyolala siku moja zaidi, ikakaza?

Desemba tunakuja nyumbani, Mungu akipenda, na ningependa tuandae meza hiyo pale kwenu, mimi nikiwa msaidizi wa mama. Tafadhali mwulize anaweka kimea cha ulezi kiasi gani kwa ndizi za pipa moja, na msesewe anautoa wapi siku hizi, kwa kuwa nimesikia miti imepungua. Mwambie pia asizitupe zile kata za zamani za kunywea zilizo juu ya dari; tutazihitaji zote.

Nisalimie dada na watoto.

Wako wa siku zote,
Shemeji yako