Barua kwa Zuhura kabla hajachukua fomu

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, ila Bibi miguu inamsumbua. Mengine tutaongea tukionana, maana ujumbe wako wa sauti umenikosesha raha.

Umesema shemeji ameridhia ugombee ubunge, na mafuta ya gari na fulana atatoa yeye, lakini habari za nyumba zake za kupangisha na yale malori asiulizwe na mtu. Eti mgombea ni wewe, si yeye.

Ukishinda ataulizwa tu, tena kupitia kwako. Ibara ya 70 ya Katiba inamtaka kila mbunge awasilishe kwa Spika taarifa rasmi ya mali zake na za mwenzi wake wa ndoa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 nayo inataka tamko kwa Kamishna wa Maadili, la mali zako, za mume na za watoto wadogo, ndani ya siku 30 tangu ushike wadhifa, na tena kila mwisho wa mwaka. Ritani za kodi za mume, yaani zile taarifa za mapato na kodi za kila mwaka, sheria hizo hazizidai, sawa. Lakini lori usilojua lina mkopo wa nani utaliandikaje? Na wapinzani wako hawatangoja mpaka uapishwe.

Namfikiria sana Geraldine Ferraro. Julai 1984 Walter Mondale alimteua kuwa mgombea mwenza wake katika urais wa Marekani, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo na chama kikubwa kule. Alikuwa mbunge kutoka Queens, New York, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka, mwanamke asiyebabaika. Mumewe, John Zaccaro, alifanya biashara ya majengo. Kwenye fomu zake za bunge za kutaja mali Ferraro alikuwa haweki mali za mume, kwa maelezo kwamba hazijui wala hanufaiki nazo, ilhali yeye mwenyewe alikuwa ofisa wa kampuni ya mumewe. Hapo ndipo nilipokuogopea, kwa sababu na wewe ulisaini zile karatasi za kampuni za BRELA, wale wanaosajili kampuni. Ulizisoma kweli?

Basi, akaahidi kwamba ritani zake na za mumewe zitatolewa. Agosti 12 akarudi kwa waandishi kusema mume amekataa, akaongeza kwamba walioolewa na wanaume wa Kiitaliano wanajua hali ilivyo. Kauli hiyo ilimchoma. Ikawa popote aendapo anaulizwa mume anaficha nini. Agosti 20 zikatolewa, ikaonekana wanadaiwa kodi na riba dola 53,459, kwa kosa la mhasibu lililotokana na mauzo ya jengo mwaka 1978. Wakalipa. Kesho yake alikaa mbele ya waandishi kwa karibu saa mbili nzima akijibu kila swali, na alijibu vizuri mno. Mimi namheshimu kwa siku ile. Lakini muda wa kampeni ulikwishaliwa. Novemba mpinzani wao, Rais Reagan, akachukua majimbo 49 kati ya 50. Sisemi walishindwa kwa sababu ya Zaccaro, walikuwa nyuma tangu mwanzo. Nasema karatasi zilezile zingetolewa Julai, kwa hiari, zisingemtesa vile.

Utaniuliza mbona wanaume hawaulizwi za wake zao. Huulizwa. Mwaka 2008 John McCain alipogombea urais kulekule Marekani, mkewe Cindy, mrithi wa kampuni ya kusambaza bia, alisema ritani zake hatazitoa kamwe. Mwezi huohuo akatoa kurasa mbili za muhtasari wa mwaka 2006, mapato zaidi ya dola milioni 6. Ila kwake kurasa mbili zilitosha. Wewe hutaachiwa kwa kurasa mbili, na inaniuma kukwambia hivyo, lakini jimbo lako nalijua na wazee wake nawajua.

Kwa hiyo narudi kwa shemeji. Si mwizi, na sijawahi kumdhania hivyo. Ni mtu asiyependa kuhesabiwa, basi. Usimwendee na vifungu vya sheria, atakasirika. Mwombe Mjomba Hamisi akae naye, wanasikilizana. Kama hata Mjomba akishindwa, fomu usichukue safari hii. Najua hili hutalipenda.

Sasa nijibu. Wapangaji wale wa ofisi wanakata kodi ya zuio na kuipeleka TRA, au ni makubaliano ya mdomo? Viwanja vya Kigamboni viko kwa jina la nani? Lori la pili limedhaminiwa na nyumba mnayolala watoto na wewe? Yule mhasibu mliyeachana naye aliondoka na madaftari? Mwajuma umemwambia nini, maana yeye na kaka yake hawana siri? Na fomu zinaanza kutolewa lini?

Nipigie kabla hujaenda ofisi ya chama, hata kama ni usiku.

Wako,
Mama Salma