Malalamiko kuhusu kompyuta zenye "mfumo wa pili wa kuwaka papo hapo"

Ofisi ya Uwakala wa Forodha,
Barabara ya Lumumba,
Kigoma.

Meneja Mauzo,
Wauzaji wa kompyuta zilizotumika,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KOMPYUTA MPAKATO SITA NA NYONGEZA YA BEI MLIYOTUTOZA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yetu ilinunua kwenu kompyuta mpakato sita zilizotumika, za daraja la kibiashara, kwa risiti ya EFD ambayo nakala yake imeambatanishwa. Kila moja ilizidi kwa Sh 80,000 bei ya kompyuta kama hiyo isiyo na kitufe cha pili cha kuwashia, yaani kile cha kuwasha mfumo mdogo wa pili bila kupitia Windows. Si dhana yangu. Ankara yenu yenyewe imeandika "nyongeza, mfumo wa papo hapo". Malalamiko yangu yanahusu nyongeza hiyo. Kuhusu kibodi zilizochakaa na kioo kimoja chenye mkwaruzo sina neno, kilichotumika kimetumika.

Tangazo lenu ninalo hapa mezani. Linasema ukibonyeza kitufe cha pili, ndani ya sekunde chache uko kwenye barua pepe bila kuisubiri Windows. Kwamba ukitumia mfumo huo betri inakaa siku nzima. Na kwamba taarifa zako ziko salama kwa kuwa mfumo wa pili umejitenga na wa kwanza. Kwa kazi yetu, maneno hayo yalikuwa asali. Saruji ikipakiwa kwenda Bujumbura au Kalemie, karani wetu husimama gatini jua la saa nane, wapakiaji wanamtazama, na anachohitaji ni namba moja tu ya hati ambayo wakala wa ng'ambo ameituma kwa barua pepe. Hana haja ya kitu kingine. Afungue, asome, afunge, mzigo uendelee. Kwa diski za kuzunguka zilizomo kwenye kompyuta hizi, Windows inapomaliza kuamka karani ameshatukanwa kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa.

Kompyuta nne kati ya sita, ukibonyeza kitufe hicho, taa ya buluu inawaka kisha inazimika. Basi. Fundi wa Mwanga, hapa Kigoma, alizifungua mbele yangu. Chini ya kifuniko, pale inapotakiwa kukaa kadi ya mfumo wa pili, kuna soketi tupu yenye vumbi na tundu la skrubu lisilo na skrubu. Zote nne ziko hivyohivyo. Ama kadi zilichomolewa huko zilikotoka, ama hazikuwahi kuwekwa tangu kiwandani, maana kwa kompyuta za namna hii kadi ilikuwa ya hiari na mnunuzi wa kwanza huenda hakuilipia. Kwa vyovyote, mliniuzia kitufe.

Nilipompigia kijana wenu wa mauzo, alinijibu kwamba mifumo ya papo hapo yote ni sawa, na kwamba zile mbili zinazowaka ni ushahidi. Hapo ndipo nilipoona niandike, kwa sababu haiko sawa, na mwenye duka anapaswa kuyajua haya kuliko mteja wa Kigoma. Ipo aina ambayo Dell waliitangaza Agosti 2008 kwa jina la Latitude ON, kwenye Latitude E4200 na E4300. Humo ndani mliwekwa kompyuta ndogo inayojitegemea, yenye prosesa yake ya ARM, jamii ya zile za simu, na Linux yake, yaani mfumo endeshi mwingine usio Windows. Ukisoma barua pepe, prosesa kubwa ya Intel na diski vinabaki vimelala, na ndiyo maana betri ilidumu kuliko kawaida. Halafu ipo aina ya akina Splashtop, iliyotokea 2007 kwenye bodi za Asus kwa jina la Express Gate, na baadaye HP wakaiweka kwenye kompyuta zao wakaiita QuickWeb. Hii ni Linux ndogo inayokaa kwenye flashi au kipande cha diski. Inaamka upesi kwa sababu haibebi mizigo ya Windows, lakini ikishaamka inatumia prosesa ileile kubwa na kioo kilekile. Inaokoa muda wa kuwaka. Haiwezi kuligeuza betri la saa tatu kuwa la siku nzima.

Zile mbili zetu zinazowaka ni za aina hii ya Splashtop. Ahadi ya betri mmeinakili kutoka aina nyingine kabisa.

Na hata hizo mbili, nikiri kwamba zinawaka kwa kasi mliyosema. Tatizo ni kinachofuata. Kivinjari kilichomo ni cha miaka ile na hakina pa kupata masasisho. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliachana na TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kufunga mawasiliano ya mtandao yasisomwe na wengine, na tovuti nyingi zikaacha kuzipokea. Tarehe 30 Septemba 2021 kikaisha muda cheti kikuu kimojawapo ambacho vifaa vingi vya zamani vilikitegemea kuthibitisha kwamba tovuti ni halali. Kompyuta iliyogandia 2010 haiijui dunia hiyo. Ukifungua barua pepe inakuambia muunganisho umeshindikana. Ukifungua benki, hivyohivyo. Karani wetu amebakiwa na saa, kikokotoo na kicheza muziki, ambavyo simu yake inavyo.

Kijana wenu alisema ni mtandao wa Kigoma. Juu ya meza hiyohiyo, kwa ruta hiyohiyo, simu ya bei ya chini kabisa inafungua barua pepe hiyohiyo. Nimezoea kwamba Kigoma ikitajwa huko Dar es Salaam kila ubovu unasingiziwa umbali, ila safari hii mtandao hauna kosa.

Kuna jambo zito zaidi. Mojawapo ya hizo mbili ina sehemu ya kuonyesha kalenda na anwani bila kuingia Windows. Tulipoifungua tulikuta ratiba ya mtu, kwa Kijerumani: vikao vya Machi 2011, majina ya watu, namba zao za simu. Haikuuliza nywila. Maana yake mlifuta Windows ya zamani mkaweka mpya, lakini kumbukumbu ya mfumo wa pili hamkuigusa, pengine hata hamkujua kama ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika tangu 1 Mei 2023, na sitaki ofisi yangu ikutwe na taarifa za watu nisiowafahamu. Nimeizima na kuifungia kabatini. Nanyi fikirieni upande wa pili: kama karani wetu angeunganisha barua pepe za wateja humo, yeyote ambaye angeiokota gatini angezisoma kwa kubonyeza kitufe kimoja. Huo ndio usalama wa tangazo lenu.

Siudharau ufundi wenyewe. Mwaka 2008, enzi za Windows Vista juu ya diski ya kuzunguka, wazo lilikuwa na akili. Lakini SSD, yaani diski zisizozunguka na zenye kasi zaidi, zikashuka bei, Windows 8 ya Oktoba 2012 ikaja na njia yake ya kuwaka haraka, simu zikaanza kusoma barua pepe vizuri kuliko kompyuta, na watengenezaji wenyewe wakauacha mfumo wa pili. Kwa fedha mliyotutoza kama nyongeza, hapa Mwanga ninapata SSD ya GB 240 inayoifanya Windows yenyewe iwahi. Mngeniambia hivyo siku ya kwanza ningewashukuru.

Kwa hiyo naomba mojawapo kati ya haya, mchague ninyi: mturudishie Sh 480,000 za nyongeza, au mlete SSD sita mpya na mlipe fundi wa kuzifunga. Ile yenye kalenda ya watu mtaichukua kwa vyovyote na kutupa nyingine, na nauli ya kuituma kwa basi, kwenda na kurudi, ni juu yenu. Tangazo hilo pia liondolewe, kwani najua ofisi nyingine hapa Kigoma inayojiandaa kununua kwa kuliamini. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na tangazo, ankara na picha za zile soketi.

Tafadhali msinitumie tena kiungo cha kupakua BIOS mpya, ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta. BIOS haioteshi kadi. Na atakayenipigia simu awe ameisoma barua hii kwanza.

Wenu katika biashara,

Mkuu wa Ofisi

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, ankara, tangazo, na picha za soketi nne.