Chanjo ya HPV sio ya watoto wa shule peke yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa moyoni tangu tumzike mama yangu mdogo mwaka juzi. Alikuwa na miaka 44, saratani ya mlango wa kizazi. Mimi ndo nilikuwa nampeleka Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, kwenye mionzi, tunatoka Morogoro na basi la alfajiri, kwenye siti anatandika nailoni kwanza halafu juu yake khanga mbili amezikunja maana damu ilikuwa haikatiki, na njia nzima kanishika mkono, basi likisimama watu washuke kuchimba dawa yeye hanyanyuki, anaogopa wataona. Karibu mwaka mzima alikuwa ameficha akidhani ni hedhi tu imevurugika.

Hii ndo saratani inayoua wanawake wengi zaidi hapa Tanzania na chanzo chake ni kirusi, HPV, na kirusi chenyewe kina chanjo. Hapo ndo roho inaponiuma.

Chanjo ilipoanza nchi nzima mwaka 2018 ilikuwa ya wasichana wa miaka 14. Mdogo wangu alichomwa shuleni, mimi nilikuwa na 18, nimeshamaliza fomu foo, basi nikapitwa hivyo hivyo. Na tuko wengi. Ukiwauliza wanakwambia mimi nimeshaanza mahusiano, haina maana tena. Jamani sio kweli. Ni kweli inafanya kazi vizuri zaidi kabla hujaanza, na haitibu kirusi ulichonacho tayari, lakini aina ni nyingi na ambazo hujazipata inakukinga. Kenya walifanya utafiti kwa wasichana zaidi ya 2,000 wa miaka 15 mpaka 20, wote walikuwa wameshaanza mahusiano, na majibu ya mwaka 2022 yakaonyesha kwa wale ambao hawakuwa na aina ya 16 na 18 walipoanza, dozi moja tu iliwakinga kwa zaidi ya asilimia 97, na hizo aina mbili ndo zinaleta kama asilimia 70 ya saratani hii.

Ukishafika 21 shirika la afya duniani linasema dozi mbili, miezi sita katikati. Nilienda zahanati nikaambiwa wewe mkubwa hii ya watoto, nikaenda hospitali binafsi nikalipa kwa hela ya zamu yangu ya mchezo. Sio kila msichana ana hiyo hela, kwahiyo naiomba Wizara ya Afya itufikirie na sisi tuliopitwa, hata kwa bei ya kuchangia, wapite vyuoni na viwandani.

Halafu haya maneno kwamba inafunga kizazi, mama mdogo hakuwahi kuchanjwa, kilichomkatisha uzazi ni ile saratani na mionzi yake. Na nyie kaka zetu msikae pembeni, kirusi mnacho na hamkioni, kondomu inapunguza ila haizuii chote maana kinapita kwenye ngozi, na nyie kinawapa masundosundo mpaka saratani ya koo.

Nina miaka 25 sasa. Dozi yangu ya pili ni Novemba, na wenzangu wawili wa hosteli tumekubaliana siku hiyo wanaenda kuanza ya kwanza.

Msomaji wenu,
Morogoro