Pikipiki iliyolala: msikimbilie kubadili kabureta

Mhariri,

Masika yakiisha, gereji za hapa Mwanza hupokea pikipiki zilizolala miezi mitatu au minne. Zinawaka kwa choki tu, ukiirudisha, zinazima. Wenyewe huuziwa plagi, kisha kabureta nzima, na ugonjwa wala si huo.

Petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta hukauka ikaacha utomvu wa kahawia. Utomvu huo huziba jeti ndogo, ile inayolisha injini ikiwa haina resi. Tundu lake halifiki nusu milimita. Funga koki ya mafuta, legeza skrubu ya chini ya bakuli, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe. Yakitulia, maji hukaa chini kama shanga. Ukiyaona, mwaga tangi lote. Kisha fungua bakuli, toa jeti, iloweke kwenye petroli safi usiku kucha, ipulize kwa upepo wa kompresa. Ikigoma, pitisha uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia, nao huku hauadimiki. Waya wa chuma usiuguse: jeti ni shaba, tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta hadi ujute.

Kabla ya kuwasha, nusa oili. Ikinuka petroli, pini ya floti, ile inayofunga mafuta bakuli likijaa, ilikwama na mafuta yameshuka kwenye injini. Mwaga oili hiyo yote.

Anayetaka kuilaza tena ajaze tangi, afunge koki, aache injini iungurume mpaka izime yenyewe.

Fundi pikipiki,
Igoma, Mwanza