Saa tatu usiku boti zimeshatoka

Usenge, Jumapili jioni

Mpendwa Nyar Alego,

Salamu nyingi kutoka ziwani. Nyumbani hatujambo, mama anakusalimu na bado anauliza lini utakuja kula samaki wake wa mbuta. Nimenyamaza tangu matanga ya Mwalimu, na nilitaka nikuandikie barua ndefu ya kukushukuru kwa jinsi ulivyosimama nasi. Hiyo itangoja. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Alhamisi, na linakuhusu wewe mwanahabari wa televisheni.

Boti ya shemeji ilipinduka. Wote wanne wako hai, kwa hiyo vuta pumzi kwanza. Walitoka saa kumi na mbili jioni kwenda kuvua omena, wale dagaa wa ziwani, usiku hauna mwezi, ziwa limetulia tuli. Saa tisa usiku upepo ukavuma ghafla, radi juu yao, wimbi la pili likawafunika. Walishikilia mitungi mitupu mpaka kukapambazuka. Jaketi za kuokolea zilikuwa mbili tu. Kitinda mimba wetu, yule uliyemfundisha kuendesha baiskeli, amevunjika mkono. Nyavu na taa zimezama, na nyavu zile bado tunazilipia chama.

Sasa sikia kinachoniuma. Usiku uleule nilikuwa nimekaa natazama habari za saa tatu. Mwisho kabisa, baada ya michezo, mtangazaji akasema kwa Kiingereza kwamba radi na upepo mkali vinatarajiwa usiku huo katika bonde la Ziwa Victoria. Nilisimama wima. Ningempigia nani? Huko waliko simu haishiki. Nililala na nguo zangu, au tuseme sikulala.

Onyo lilikuwa la kweli, dada. Watu wa Idara ya Hali ya Hewa walikuwa wamefanya kazi yao. Kwenye semina ya BMU, kamati yetu ya kusimamia ufuo, afisa wao alitueleza vizuri: mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, ndiyo maana mvua ya alasiri hunyesha Nandi, Kericho na Kisii. Usiku nchi kavu inapoa, upepo unageuka, unaingia ziwani kutoka pande zote, na pepo hizo zikikutana juu ya maji yenye joto mawingu hupanda na radi huanza. Hatari yetu basi ni kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa zilezile za omena. Onyo la saa tatu usiku linamfaa nani, ikiwa boti zinatoka jioni?

Njoo uone saa saba mchana hotelini kwa Mama Chapo. Wavuvi wamejaa humo, wengine wanashona nyavu, macho yote kwenye televisheni. Saa hiyo mnatuonyesha wanasiasa mazishini. Dakika moja tu ya Kiswahili hapo, "usiku wa leo msiingie ziwani kuanzia saa sita", na nakuapia nusu ya boti zingebaki ufuoni.

Na si sisi tu. Dada yangu aliyeolewa Budalang'i anasema kwenye ramani yenu upande wote wa magharibi hupakwa rangi moja, kisha inasomwa "zaidi ya milimita 20 kwa saa 24". Yeye milimita atazipima na nini? Kwake mbingu inaweza kuwa nyeupe na Mto Nzoia ukaja usiku kwa mvua iliyonyesha Cherangani na Mlima Elgon. Ahero vilevile, Mto Nyando unateremka na maji ya milima ya Nandi. Tunaambiwa mvua itanyesha wapi; maji yatakwenda wapi hatuambiwi. Tajeni mto. Tajeni kijiji.

Shemeji naye ana lake. Anasema hata angelisikia, asingeamini, kwa sababu Oktoba 2023 viongozi walisema mbele ya kamera kwamba El Niño haitaleta maafa, na kabla ya Desemba kwisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Nilimjibu kwa hasira, halafu nikaona huruma. Mtu akishakosewa mara moja...

Wewe nilikuona Mei 2024 umesimama kwenye maji, buti hadi magotini, unamhoji mama aliyebeba godoro. Nilijivunia sana, nikawaita majirani wote waje wakuone. Lakini nilitamani ungekuwa umefika wiki moja mapema, ukiwa mkavu, ukimwambia ahame.

Ndiyo sababu naandika. Mkubwa wako chumba cha habari anakusikiliza? Unaweza kumwomba tahadhari ya ziwa isomwe saa saba mchana, kwa Kiswahili, hata kama ni ukanda tu unaopita chini ya skrini? Hiyo taarifa ya Idara huwafikia saa ngapi, asubuhi au jioni? Na kama inafika asubuhi, kwa nini ingoje michezo iishe? Nikikuletea orodha ya fuo zetu, kuanzia Port Victoria mpaka Luanda Kotieno, mtazisoma kwa majina? Na wewe mwenyewe, kifua kimepona? Krismasi unakuja?

Nijibu upesi. Wiki ijayo mwezi bado ni mdogo na kijana anasema atarudi majini, na mkono huo kwenye plasta.

Ni mimi ndugu yako,
Nyar Usenge