Kikao cha wazazi wa vijana wa Kipaimara

Bwana Yesu asifiwe, wazazi na walezi wapendwa.

Kikao chetu kuhusu shinikizo la rika kimehamishwa kutoka Jumapili hadi Jumamosi hii, saa 9 alasiri, katika ukumbi wa kanisa, Sinza.

1. Tutasoma pamoja na vijana Danieli sura ya 1, ambapo Danieli na wenzake watatu hawakugombana na msimamizi kuhusu chakula cha mfalme bali walimwomba kwa adabu awajaribu kwa siku 10 kwa mboga na maji badala ya chakula hicho, kwa maana vijana wetu wengi hudhani kuwa kutetea imani shuleni ni lazima kulete ugomvi.

2. Mchango wa chai, shilingi 3,000 kwa kila familia, umfikie mhazini kabla ya Ijumaa.

Simu za vijana zibaki nyumbani (na zetu pia, ikiwezekana). Tafadhali thibitisheni hapa kufikia Alhamisi jioni, mkitaja idadi ya mtakaofika.

Katibu